Taa haionyeshi saratani, inaonyesha njia

Haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi iliyopita hapa Dodoma, juu ya rangi na taa tunazotumia kutafuta tezi ambayo saratani ingeipitia kwanza, mbele ya wauguzi, wanafunzi wa vyuo vya afya, madaktari wa wilayani na akina mama waliokwisha kutibiwa saratani. Wengi mlikuwa zamu, wengine shambani, mkaomba niyaweke yote kwa maandishi. Picha za ukutani nimeziacha. Mengine yako kama yalivyotoka mdomoni.

Mbukwenyi! Asanteni. Shikamooni wazee wangu. Wanafunzi, hamjambo?

Naanza na swali, na nataka kuona mikono. Nani hapa, alipokuwa mtoto, alichomwa na mwiba unyayoni, akanyamaza kwa kuogopa kuchokonolewa na sindano, halafu siku ya tatu akaota mtoki? Mikono juu. Aa! Karibu ukumbi mzima. Dodoma ni nchi ya miiba, hatuna cha kufichana.

Haya, sasa nijibuni. Mwiba uko unyayoni, mtoki uko kinenani. Katikati kuna kifundo, kuna goti, kuna paja zima. Goti halikuvimba, wala paja. Kinena kilipataje habari?

Bibi yangu hakusoma, lakini jibu alikuwa nalo. Ukimwendea unachechemea, umeshika kinena, hakuangalii kinena. Anakuketisha kwenye kigoda, anakugeuza unyayo kwenye jua, anakuambia, "Wewe unalilia mtoki, mimi nautafuta mwiba." Na anauona. Bibi alijua kwamba kuna njia kati ya vitu hivi viwili. Akiona mwisho wa njia, anarudi nyuma mpaka mwanzo.

Mimi na wenzangu kwenye chumba cha upasuaji tunafanya kazi ileile ya bibi, ila sisi tunakwenda kwa kugeuza. Mwiba tunao tayari mkononi. Mwiba ni uvimbe wa saratani kwenye titi, au kwenye mlango wa kizazi, au kwenye ngozi ya mguu. Tunachotafuta ni mtoki, yaani ile tezi ya kwanza kabisa ambayo uchafu, yaani chembe za saratani, kutoka kwenye uvimbe ule ungepitia. Na tunautafuta kabla haujavimba. Hapo ndipo penye ugumu.

Kwa sababu gani? Kwa sababu njia yenyewe haionekani. Mnayajua makorongo yetu mwezi wa Septemba. Juu ni mchanga mtupu, punda anavuka bila kulowa kwato. Lakini mama anakuja na dumu na kata, anachimba kifuani kwa korongo, na maji yanamfuata. Maji yalikuwa yanatembea muda wote, chini kwa chini. Limfu nayo iko hivyo. Ni majimaji yanayochuja kutoka kwenye mishipa ya damu, yanabaki katikati ya nyama, kisha yanakusanywa na vijishipa vyembamba vinavyopitisha mwanga kama plastiki ya ice cream, na kurudishwa kwenye damu. Njiani yanapita kwenye tezi. Mwilini mna tezi mia kadhaa. Kwapani tu mna kama 20 hadi 30. Ukipasua kwapa unaona mafuta ya njano, mishipa, mafuta tena. Tezi ndogo nayo inafanana na donge la mafuta. Ipi ni ya kwanza? Haijaandikwa jina.

Sasa, zamani tulifanyaje? Jibu ni fupi: tulitoa zote. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari mmoja Marekani, William Halsted, alieneza upasuaji wa kuondoa titi, misuli ya kifua na tezi za kwapani kwa pamoja. Misuli iliachwa baadaye, lakini kusafisha kwapa lote kuliendelea kwa miaka mingi, dunia nzima. Kama hujui mwizi ni nani, unafunga kijiji kizima.

Nina mama mdogo, na ameniruhusu nimtaje hivyo tu. Alitolewa titi la kushoto na kwapa lake likasafishwa lote. Alipona. Nasema tena, alipona, na waliomtibu walifanya kama ilivyokuwa inafanyika. Lakini mwaka haukuisha, mkono ukaanza kuvimba. Ilianza pete. Tukampeleka kwa sonara, akaingiza kipande cha bati kati ya pete na kidole asije akamkata, akaikeketa kwa kijisumeno. Mama mdogo alikuwa anaangalia pembeni. Kisha ikafuata mikono ya nguo. Mpaka leo anashonesha magauni yenye mkono mmoja mpana kuliko mwenzake, na fundi wake hampimi tena, anajua. Ndoo alihamishia kulia. Kutwanga akaacha. Kila kikwaruzo cha mwiba kwenye mkono ule ni homa na vidonge.

Na majibu ya maabara ya zile tezi yalisemaje? Zilitoka 17. Zenye saratani, hakuna. Hakuna hata moja! Tuliuza mkono mzima tukanunua karatasi iliyoandikwa "hakuna".

Ndugu zangu, ndiyo maana nasimama hapa. Swali si kwamba tutoe tezi au tusitoe. Swali ni tutoe ipi, ili tuweze kuziacha nyingine kwa amani.

Wazo la tezi ya kwanza, ambayo mimi naiita tezi mlinzi, lina historia ndefu kidogo, nitaipitia haraka kwa sababu naona wengine macho yanaanza kulegea. Mwaka 1977 Ramon Cabanas aliandika juu yake kwenye saratani ya uume. Mwaka 1992 Donald Morton na wenzake wakaonyesha kwamba ukichoma rangi ya bluu karibu na melanoma, aina ya saratani ya ngozi, rangi inafuata vijishipa vya limfu mpaka tezi mlinzi. Mwaka 1994 Armando Giuliano akafanya hivyo kwenye titi. Maana yake ni moja tu: ukiitoa tezi mlinzi, ikapimwa, ikakutwa safi, basi zilizo nyuma yake kwa uwezekano mkubwa sana ni safi, na unafunga kwapa unaondoka. Wanaosafishwa kwapa lote, kama 1 kati ya 5 huvimba mkono. Wanaotolewa tezi mlinzi tu, ni kama 1 kati ya 20. Mama mdogo angekuwa na pete yake.

Sasa ile taa mliyoisikia.

Kuna unga wa kijani kibichi kilichoiva, karibu na weusi, unaitwa indosianini ya kijani. Ulitoka kwenye maabara za Kodak, wale wa filamu za picha, na tangu miaka ya 1950 madaktari wanautumia kupima moyo na ini. Si kitu cha jana. Ukiingia mwilini unashikana na protini, ini linauchukua na kuumwaga kwenye nyongo, unatoka. Ujanja wake ni huu: ukimulikwa na mwanga wa infraredi, ule ambao jicho la binadamu haliuoni, unang'aa kwa mwanga mwingine ambao nao jicho haliuoni. Kamera maalumu ndiyo inauona. Ule ukijani mnaouona kwenye picha umechaguliwa na mashine ili sisi tuelewe, ingeweza kuweka hata pinki. Na mwanga huo unapenya nyama kwa kiasi cha sentimita moja hivi. Kwa hiyo tezi iliyojificha chini ya mafuta kidogo unaiona kabla hujaikata.

Mara ya kwanza kuiona nilikuwa mafunzoni India. Mgonjwa amelala, bingwa amechoma tone chini ya ngozi pembeni ya chuchu, amesugua taratibu kama anayempaka mtoto mafuta. Kisha akasema taa za juu zizimwe. Zile taa kubwa za thieta nazo zina infraredi ndani yake, zinaipofusha kamera. Tukabaki gizani, tunasikia mashine ya usingizi inapumua. Kwenye skrini, kwanza hakuna kitu. Halafu uzi. Uzi mmoja mwembamba ukaanza kujichora kutoka kwenye titi kwenda kwapani, unakwenda, unasita, unakwenda tena kwa vipigo, maana vijishipa vya limfu husukuma vyenyewe. Ukafika mahali ukasimama, pakawa na kijidonge kinachong'aa, saizi ya haragwe. Nikasahau kwamba nimeshika mkasi. Nilimkumbuka bibi.

Msinisifu mapema. Wiki iliyofuata nikapewa nafasi ya kuandaa rangi. Tone moja likanidondokea kwenye glavu, sikuliona, na kwa jicho lilikuwa dogo mno. Nikashika shashi, nikashika mkono wa bingwa, nikashika ukingo wa jeraha. Taa zilipozimwa kila kitu kiling'aa. Shashi inang'aa, koleo linang'aa, mimi mwenyewe nang'aa. Yule bingwa akanitazama juu ya barakoa, akasema, "Hongera daktari, umegundua tezi mlinzi kumi, zote ziko vidoleni mwako." Tukabadilisha glavu, vitambaa na vifaa, tukapoteza nusu saa, na mgonjwa alikuwa amelala kwa gharama yake. Tangu siku ile anayechoma rangi, mimi namwambia avue glavu papo hapo. Wauguzi wa thieta, hili liandikeni.

Liandikeni na hili. Rangi nzito haing'ai zaidi. Ukiizidisha inajizima yenyewe, kwenye kamera inakuwa nyeusi, halafu mnalaumu mashine. Kichupa cha miligramu 25 kwa mililita 20 za maji safi ya sindano kinatosha. Kitumike ndani ya saa 6, kikizidi kinamwagwa. Na muulizeni mgonjwa kuhusu mzio wa iodini, maana imo ndani yake.

Je, inafanya kazi kweli, au ni maonyesho ya sinema? Swali zuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwa wagonjwa wa saratani ya kizazi na ya mlango wa kizazi huko Kanada na Marekani uliwachoma wanawake walewale rangi zote mbili, kisha ukahesabu tezi. Kijani ilizipata asilimia 97, bluu asilimia 47. Tofauti hiyo hata mimi ilinishtua. Kwenye mlango wa kizazi sindano huchomwa kulia na kushoto, vitabu vya Kiingereza vinasema saa tatu na saa tisa. Mwanafunzi mmoja hapa aliniuliza, "Daktari, saa tatu ya Kizungu si saa tisa yetu?" Nikamwambia kweli kabisa, na ndiyo sindano pekee ninayoijua ambayo hata ukikosea lugha hakuna anayedhurika, maana pande zote mbili zinachomwa. Upande mmoja ukikataa kuonyesha tezi hata baada ya kurudia sindano, upande ule unafanyiwa upasuaji wa kawaida wa kutoa tezi. Taa haikuonyesha kitu si sawa na kusema hakuna kitu.

Na hapa nimefika kwenye jambo lililonitoa nyumbani leo. Nisikilizeni vizuri.

Kuna mzee mmoja alikuja na mkewe kutoka wilayani. Amesikia. Akaniambia, "Daktari, tumeuza ng'ombe wawili. Tunataka ile dawa ya kijani, inayowaka pale penye saratani." Nikamkalisha. Nikamwambia, baba, hiyo dawa haiwaki penye saratani. Inawaka penye njia. Tezi safi itawaka. Tezi chafu inaweza kuwaka. Zote zitang'aa sawasawa, huwezi kuzitofautisha kwa taa. Taa haionyeshi saratani, inaonyesha njia! Akanitazama muda mrefu, akauliza, "Sasa nani anaionyesha saratani?" Nikamwambia, mtu mmoja maabara, ameinama kwenye hadubini, anaangalia kipande chembamba kuliko karatasi. Yeye ndiye. Wengi wetu hata hatumjui kwa sura.

Na liko baya zaidi. Tezi ikishajaa saratani kabisa, inaweza isiwake hata kidogo. Njia yake imeziba, rangi inachepuka kama maji ya mafuriko yakikuta kalavati limejaa mchanga, inakwenda kwenye tezi nyingine ya pembeni isiyohusika. Unatoa ile inayong'aa, unafurahi, na yenyewe ni safi. Mwenye kosa umemwacha ndani. Ndiyo maana tezi yoyote ngumu unayoigusa kwa kidole hutolewa, iwe inawaka au haiwaki.

Mke wa yule mzee nilimpima. Niliingiza vidole vitatu kwapani kwake, nikakuta kitu saizi ya karanga yenye ganda, kigumu, kimeshikamana na nyama, hakisogei. Uvimbe wa titi alikuwa nao miezi minane. Miezi minane, akiweka mafuta ya nyonyo na kungoja mavuno. Kwake yeye taa haikuwa na kazi, mtoki umeshatangaza wenyewe. Alihitaji sindano ya kuchukua chembe kwenye ile tezi, majibu, na dawa za saratani za kuingizwa mshipani kabla ya kisu. Wale ng'ombe wawili walikwenda huko. Teknolojia hii yote ninayowasimulia ni ya mwanamke aliyekuja mapema. Aliyechelewa tunarudi naye kwa Halsted, kwapa zima, na tunashukuru kama bado inawezekana. Akina mama mliopo hapa mnazo njia za kufika kwenye vikoba na jumuiya kuliko mimi. Mimi nikisema "njooni mapema" wanasema daktari anatafuta wateja.

Mtaniuliza, basi hapa kwetu tutumie nini? Njia ziko tatu. Ya kwanza ni ya mionzi, teknishiamu. Inapatikana penye idara ya tiba ya nyuklia kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Ina nguvu, ila kila saa 6 nusu yake imekwisha, hata ukiipakia kwenye treni ya SGR inakuja inapungua njiani kama barafu ya samaki. Ya pili ni kijani, na kamera yake ni ghali. Sisemi tusiitamani. Ya tatu ni bluu. Methilini bluu iko kwenye maduka mengi ya dawa ya hospitali, ni ya bei nafuu, haihitaji kamera wala giza, inahitaji macho na subira. Kwenye titi bluu inafanya kazi nzuri mikononi mwa aliyezoea. Mimi naipenda, sioni haya kusema. Ukiifungua kwapa unaona uzi wa bluu kwenye mafuta ya njano, unaufuata polepole, usiukate, ukiukata rangi inamwagika na kila kitu kinakuwa bluu.

Ina visa vyake. Ikichomwa juujuu mno inaweza kuua ngozi, kwa hiyo ichanganywe na maji na ichomwe ndani kidogo. Anayetumia baadhi ya dawa za sonona asipewe bila kuangaliwa vizuri. Na mwambieni mgonjwa kuhusu mkojo! Niliwahi kuitwa saa nane usiku, ndugu wa mgonjwa wameshika ndoo ya chooni kama kielelezo mahakamani. "Daktari, amekojoa kijani. Mmempa nini ndugu yetu?" Walikuwa tayari kumhamisha hospitali. Kosa lilikuwa langu, nilimweleza mgonjwa, sikuwaeleza wanaombeba ndoo.

Namalizia na kituko cha chupa. Hospitali siitaji, na aliyehusika alikuwa mwenzetu mzuri tu aliyechoka. Tulifanya kazi saa mbili, tukaipata tezi mlinzi ya kulia na ya kushoto kwa mgonjwa mmoja wa kizazi, bila kuharibu kitu. Tezi zikaenda maabara. Simu ikaja baada ya siku tatu: "Daktari, tuna chupa mbili zenye jina moja. Ya kulia ni ipi?" Moja ilikuwa na saratani, nyingine haina. Hakuna aliyeandika upande. Saa mbili za kutafuta njia, na njia ikapotelea kwenye meza ya chuma, kati ya shashi na kalamu iliyokauka wino.

Kwa hiyo leo sikuja na kamera. Pale mlangoni kuna boksi mbili. Moja ina chupa zenye mdomo mpana za fomalini, ile dawa ya kuhifadhia tezi isioze, nyingine ina kalamu zisizofutika na lebo. Kila kituo kichukue. Lebo inaandikwa mgonjwa akiwa bado mezani: jina, tarehe, upande, tezi ya ngapi, iliwaka au haikuwaka, ilikuwa bluu au haikuwa. Inabandikwa kwenye chupa, siyo kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Mpwapwa na Kondoa mchukue kwanza, mna safari ndefu. Chai iko nyuma, na karanga, na dada wa pale jikoni anasema vikombe havitoshi, tutapokezana.